Kanyaga, Shika

Kabla jua halijapanda majabali ya Amerat
na spana kugeuka kaa la moto mkononi,
nalegeza nati za gurudumu la mbele, la kushoto,
gari likiwa bado chini. Kisha jeki, kisha jiwe nyuma ya tairi.
Jeki siiamini.
Kwa umri huu siamini kitu kinachopumua.

Siku nne hatujasemezana, mimi na Muzna.
Alirudi Jumatatu na harufu ya kuungua,
usukani unavuta kushoto, ringi haishikiki kwa moto,
nami nikamwambia palepale mlangoni, hata abaya hajaivua:
"Breki si mto wa kulalia. Mteremko mzima wa Bausher
unaushuka umekanyaga, toka juu mpaka chini.
Nilikufundisha gia. Gia umezisahau."
Akasema, "Haya, baba."
Hiyo haya yake naijua.
Ni mlango unaofungwa taratibu ili usisikike.

Garaji ya Wadi Kabiri wametaka riyali arubaini.
Kalipa peke yake nimeipata kumi na nane,
imeviringishwa nailoni kama halua ya safari.
Nimekuwa karani wa bandari miaka thelathini,
mikono hii inajua mihuri kuliko bolti,
lakini riyali ishirini na mbili zinamfanya mtu fundi.

Bolti ya juu imetoka kwa maneno mazuri.
Ya chini, kwa maneno mengine.

Kalipa kuukuu ikanijia mkononi, nzito,
imekufa ikiwa imeng'ata.
Pedi ya ndani imelika mpaka chuma,
ya nje bado nene kama kipande cha mkate wa ufuta.
Nikaivuta pini inayoteleza. Haikuteleza.
Nikaigonga nyundo, ikatoka kavu, nyekundu kwa kutu,
haina hata dalili ya grisi.

Na pedi hizi alizitia nani, mwaka jana, mwezi wa Shaabani?
Mimi.
Na grisi yake iko wapi?
Imo sandukuni, chini ya koleo,
kifuniko chake hakijafunguliwa.

Nikakaa pale juu ya vigae.
Kiyoyozi cha jirani kikidondosha tone,
kikingoja, kikidondosha.

Kutoa upepo si kazi ya mtu mmoja.
Nikagonga dirisha lake. Akatoka na kanga kichwani,
hakuuliza kitu, akaketi kwenye usukani,
nyayo zake shubiri mbili tu kutoka sikio langu.
Mpira mwembamba, chupa tupu ya labani.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shika."
"Nimeshika."
Nafungua, upepo unatoka mapovu mapovu, nafunga.
"Achia."
"Nimeachia."
Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu Jumatatu.

Mara ya saba, au ya nane, nikasema kutoka chini,
macho yangu kwenye mpira:
"Pini sikuzitia grisi. Mwaka jana."
Kimya.
"Kanyaga," nikasema.
"Nimekanyaga."
"Si mguu wako ulioiunguza."
"Nimeshika, baba. Fungua, mguu unachoka."

Nikafungua. Mafuta yakashuka manyoofu,
rangi ya asali changa, bila povu hata moja.
Tone likarukia fenda, nikalifuta upesi kwa pindo la shuka:
mafuta ya breki hula rangi,
na kwa mwaka huu nimekwisha haribu ya kutosha.

Tukaenda kuijaribu, yeye akiendesha.
Pale barabara inapoinama,
na mji wote mweupe umetandazwa chini yetu,
akatia gia ya pili kabla sijafumbua mdomo.
Gari likashuka limenyooka.

Kwenye kona ya tatu akanitupia jicho miguuni.
Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekandamiza zulia
kwa nguvu zangu zote,
mahali pasipo na pedali.

"Achia, baba," akasema.